Ng'ombe Yuko Mweiga, Saa Iko Ng'ambo

Dada yangu mkubwa hupandisha ng'ombe. Ndiyo kazi yake tangu alipotoka chuo cha mifugo, na watu wa Mweiga humwita daktari ingawa mwenyewe huwaambia kila mara kwamba yeye ni wa mbegu tu. Ana pikipiki, ana mtungi wa naitrojeni unaotunza mbegu kwenye baridi kali kuliko yoyote inayoshuka kutoka milima ya Aberdare, ana glavu ndefu za plastiki zinazofika begani, na ana simu. Hiyo simu ndiyo iliyoniingiza mimi katika mambo haya.

Ng'ombe akiingia kwenye joto hangoji mtu. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni ile ile. Akionekana mchana au jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Wakati huo ukipita, mkulima hukaa wiki tatu akingoja tena, na ng'ombe anakula bure. Kwa hiyo mtu akiona ng'ombe wake anasumbua wenzake huacha kila kitu na kukimbilia simu. Na dada yangu saa hiyo mara nyingi mkono wake wa kushoto uko ndani ya ng'ombe wa mtu mwingine, umezama hadi karibu na kwapa. Simu inalia mfukoni, inanyamaza, inalia tena. Akimaliza na kunawa hukuta watu wengi wamempigia na hajui nani alitangulia. Akianza kuwapigia, mmoja hapatikani, mwingine ameshamwita mtu kutoka Nyeri, mwingine amekasirika na anataka kwanza kuombwa radhi.

Alikuja kwangu Skuta, mtaa wa mjini Nyeri, Jumapili moja wakati wa mvua ndefu, baada ya kanisa. Alikaa kwenye kiti bila kuvua koti, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Nilidhani amelala.

"Nimechoka," alisema macho yakiwa bado yamefumbwa. Alisema kama mtu anayesema kwamba nje kunanyesha.

Mimi hufundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini. Kwa miaka mingi nimewaonyesha vijana jinsi ya kuandika programu kwa Python, lakini karibu zote zilikuwa programu za mazoezi, za kuhesabu wanafunzi wasiokuwepo na vitabu vya maktaba isiyokuwepo. Nikaona hapa pana jambo la kweli.

"Wa maitũ," nikamwambia, kama tunavyoitana sisi wa tumbo moja, "nikutengenezee programu? Mkulima anaandika kwa simu yake ng'ombe ameonekana saa ngapi na boma liko wapi. Wewe ukimaliza kunawa unafungua tu, unaona wa jioni ni nani na wa kesho asubuhi ni nani. Programu yenyewe inapanga."

"Na wale hawawezi andika?"

"Watapiga simu vile wamezoea. Lakini watapungua."

Aliinua kikombe cha chai nilichompa, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa. "Haya, tengeneza. Lakini isikuwe kitu ya kunipea kazi ingine."

Nikaiandika jioni baada ya masomo, na ikaenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye kompyuta yangu, pale mezani kwangu, ilifanya kazi bila kosa. Niliingiza ng'ombe wa kubuni, nikawapa majina ya mito, wa kwanza Chania, nikaona wanapangwa wa jioni na wa asubuhi kama dada yangu alivyonieleza. Nilijisikia vizuri. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Programu ikikaa kwenye kompyuta yangu, mkulima wa Mweiga hawezi kuifikia. Ni lazima ikae kwenye kompyuta isiyozimwa, seva, iliyounganishwa na intaneti usiku na mchana. Kikundi cha wafugaji ambacho dada yangu hukihudumia kilikuwa tayari na tovuti, ukurasa mmoja wenye picha ya ng'ombe mnene wa Ulaya amesimama kwenye majani ambayo hayajawahi kuota Kenya. Katibu wa kikundi, mzee mmoja mpole aliyestaafu ualimu, alinipa neno la siri. "Nafasi iko tele huko, mwalimu," akaniambia. "Mbona tutafute ingine?"

Nafasi ilikuwapo, lakini ilikuwa ya kushirikiana. Anayejua ploti za kupanga za hapa Skuta ataelewa haraka. Una chumba chako na ufunguo wako, lakini bomba ni la wote, umeme ni wa wote, na ukutani huruhusiwi kupiga hata msumari. Seva moja imegawiwa mamia ya wapangaji, na kampuni yenye seva haitaki mpangaji mmoja ale nguvu za wengine. Tovuti ya picha na maandishi hukaa humo kwa amani. Programu ya Python ni mpangaji wa namna nyingine. Inataka kupika na kufua, tena inataka kuamshwa.

Nilipandisha mafaili yangu Jumamosi asubuhi nikiwa jikoni kwa dada yangu Mweiga, kwa sababu nilitaka aone. Jiko la kuni lilikuwa linawaka na madirisha yameshika ukungu. Nilibonyeza nilipotakiwa kubonyeza, nikamgeuzia kompyuta. Ukurasa mweupe, na katikati yake maneno meusi kwamba seva ina hitilafu ya ndani.

"Inasema nini?" aliuliza.

"Inasema kuna kosa."

"Kosa gani?"

"Haisemi."

Alitazama ule weupe kwa muda, kisha akainuka. Simu yake ilikuwa inalia. "Itasema," akaniambia akivaa buti. "Wacha niende."

Haikusema kwa siku nyingi. Kila seva huandika makosa yake mahali fulani, kwenye faili, na kazi ya kwanza ni kulipata hilo faili. Nililolipata lilikuwa tupu. Nilifungua kabrasha baada ya kabrasha, jioni moja baada ya nyingine, nikilifungua lile tupu tena kana kwamba litakuwa limejaa nikiwa sijaangalia. Kumbe kulikuwa na jingine, limewekwa ndani ya kabrasha la programu yenyewe, na humo makosa yangu yalikuwa yamepangwa yote, yakirudiwa kila mara nilipokuwa nimefungua ukurasa. Kosa lenyewe lilikuwa jina. Mlango wa programu yangu nilikuwa nimeuita jina moja, na seva ile inautafuta kwa jina jingine, wala haikubali lakabu. Nikabadilisha neno hilo. Kosa likaondoka, nikafurahi kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai, hadi lilipokuja la pili.

La pili lilitaka kijenzi, kipande cha programu kilichoandikwa na wengine, ambacho hakikuwa kimewekwa. Nilipokiweka, seva ilikataa, kwa kuwa kijenzi hicho hutakiwa kuundwa papo hapo, na mpangaji haruhusiwi kuunda kitu. Nikatafuta kingine kinachofanya kazi ile ile bila kuundwa. Hicho kilikubalika, lakini nilipoweka vijenzi vyote pamoja usakinishaji ukakatwa katikati kwa kula kumbukumbu nyingi. Nikaviweka kimoja kimoja, kidogo kidogo, kama unavyomlisha mgonjwa. Siku programu ilipofunguka hatimaye, ilifunguka uchi. Maandishi yalikuwapo, rangi hazipo, vitufe vimetawanyika kama viazi vilivyomwagika kutoka kwenye gunia, kwa sababu seva haikujua mafaili ya mapambo yako wapi.

Niliandikia kampuni. Waliniuliza kama nimefuta kache, yale mabaki ya kurasa ambayo kompyuta hujitunzia. Nilifuta, nikawaandikia tena, na mwingine akaniuliza kama nimefuta kache. Mwishowe nilipiga simu, nikapokewa na mwanamke mwenye sauti iliyokwaruza, kama aliyezungumza tangu alfajiri.

"Ninaona programu yako, bwana," alisema baada ya kunisikiliza. "Inaamka?"

"Inaamka, lakini mapambo hayaji."

"Hayo ni ya upande wako. Sisi haturuhusiwi kushika kazi ya mteja." Nikasikia akivuta pumzi. "Lakini ukiangalia, utaona kabrasha la wazi la tovuti ni tofauti na kabrasha la programu. Hayo mafaili ya mapambo wewe umeyaweka wapi?"

Nilikuwa nimeyaweka kwenye la programu, kama nilivyofanya nyumbani. Nikamshukuru.

"Kuna kingine ningekusaidia?" aliuliza, kwa namna iliyonifanya niseme hapana haraka ili apumzike.

Basi ikavaa nguo. Katibu alituma kiungo kwenye kundi la simu la wafugaji, na asubuhi ya kwanza ng'ombe watatu wa kweli wakaonekana kwenye orodha. Dada yangu alinipigia akiwa barabarani, upepo ukipiga simu. "Iko sawa," alisema. "Nimemaliza bila kupigiwa hata moja. Ati mzee mmoja ameandika ng'ombe yake inaitwa Chania."

Nilikuwa darasani. Nilitoka nje kwenye veranda kumsikiliza vizuri, na niliporudi wanafunzi waliniuliza kwa nini natabasamu.

Ilikaa vizuri siku chache. Kisha mvua ikaongezeka, na jioni moja nilipokuwa narudi kutoka kazini dada yangu akanipigia tena. Safari hii hapakuwa na upepo. Alikuwa amesimama.

"Niko juu huku karibu na msitu," alisema. "Mashine yako imenituma kwa ng'ombe haijafika. Nimeshika, nimeona, bado kabisa. Mama wa hapa ananiambia aliiona saa nane mchana. Saa nane! Hii ni ya kesho asubuhi."

"Labda amekosea saa."

"Sio yeye. Jana pia ilikuwa hivyo na nikanyamaza. Leo asubuhi nimerudi huku kwa ile ya jana, na kesho nitarudi tena. Barabara yote ni matope. Umeniambia itanipunguzia."

Nilisimama kando ya barabara, magari yakinirushia maji, nikifikiria. Saa nane mchana. Programu inapanga kwa saa: kabla ya saa sita mchana ni asubuhi, baada yake ni mchana. Programu haikumwuliza mama yule saa, kwani nilipoiandika niliona ni kumsumbua mkulima; ilijichukulia yenyewe kwenye seva wakati alipobonyeza. Na seva, nilikumbuka hapo hapo, haiko Nyeri. Seva iko ng'ambo, na saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kwetu ikiwa saa nane mchana, kwake bado ni saa tano asubuhi. Kwenye kompyuta yangu mezani haya hayakuonekana kamwe, kwa sababu kompyuta yangu na mimi tuko mahali pamoja.

"Nimejua shida," nikamwambia. "Seva iko ng'ambo. Inasoma saa ya huko."

"Ng'ombe iko Mweiga," alisema dada yangu.

Akakata simu. Tangu tulipokuwa watoto hajawahi kunikatia simu wala maneno. Nilijaribu kumpigia, akawa hapatikani, na sikujua ni mtandao wa mlimani au ni yeye. Nilipanda hadi nyumbani nimelowa. Nilikasirika pia, nisiseme uongo. Nilikuwa nimezitoa jioni zangu zote kwa kazi ambayo hakuna aliyeiona, na mtu wa kwanza kuiona alikuwa ameona kosa lake. Lakini nilipovua viatu nilimfikiria akiwa kwenye tope lile, bega lake la kushoto linalomuuma wakati wa baridi, akifunga mtungi kwenye pikipiki ili arudi asubuhi kwa njia ile ile.

Saa ya seva haibadilishwi na mpangaji, ni mali ya wote. Unachoweza ni kuifundisha programu yako isiiamini. Nilitumia njia safi inayopendekezwa, kijenzi kinachojua majira ya kila mji duniani, nikakiambia tuko Nairobi. Kikafanya kazi kwenye kompyuta yangu. Niliyapandisha marekebisho hayo Jumamosi asubuhi kwa haraka, kwa sababu nilikuwa na safari ya Kutus. Mwenzangu wa kazini alikuwa anapeleka mahari kwa wakwe zake, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa kumsindikiza.

Tulikuwa tumeshakaa chini ya hema, wazee wa pande mbili wamesimama kuongea, simu ilipotetemeka. Ulikuwa ujumbe wa dada yangu, wa kwanza tangu jioni ile. Ulikuwa neno moja: "Nyeupe."

Nikainuka nikiinama, nikapita nyuma ya viti kama mtu anayetafuta choo, nikaishia nyuma ya nyumba ambako akina mama walikuwa wakipakua mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, kwenye masinia. Kwenye simu, ukurasa wa kusimamia seva una maandishi madogo kama siafu. Nilikaa juu ya kreti ya soda, nikavuta herufi kwa vidole viwili hadi nikalifikia faili la makosa. Lilisema seva haikijui kile kijenzi cha majira. Python ya kampuni ilikuwa ya toleo la zamani kuliko yangu, na toleo hilo lilikuwa halijazaliwa nacho.

Mama mmoja aliyeshika mwiko alinitazama. "Ni habari mbaya?" aliuliza kwa upole. "Kuna mtu amelazwa?"

"Hapana, mama. Ni kazi."

"Hata leo?"

Nilifikiri nikiwa pale kwenye kreti. Kenya saa haisogezwi mwaka mzima, wakati wa joto wala wa baridi. Hatuhitaji kijenzi cha kujua miji yote. Nikafuta mistari ile safi kwa kidole gumba, nikikosea na kurudia, nikaandika kwa kifupi kwamba wakati wa seva uongezwe saa tatu. Mwalimu yeyote angenikatia alama. Nikahifadhi, nikabonyeza kitufe cha kuwasha upya, nikangoja. Ukurasa ulizunguka muda mrefu. Kutoka upande wa hema nilisikia vigelegele, kwa hiyo wazee walikuwa wamekubaliana jambo na mimi sikuliona. Kisha orodha ikafunguka, na saa iliyokuwa juu yake ilikuwa ile ile iliyokuwa kwenye simu yangu.

Nikamwandikia dada yangu: "Sasa angalia."

Alikaa kidogo. "Imekuja," akajibu. Halafu, baada ya muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimeshapewa sahani na kurudi kwenye kiti: "Umekula?"

Nikajua tumepatana.

Programu haikuleta mabadiliko makubwa ambayo nilikuwa nimeyaona kichwani nilipokuwa naiandika. Karibu nusu ya wakulima bado humpigia, hasa wazee, na wengine huandika kwenye programu kisha humpigia kumwuliza kama ameona. Programu ikikaa bila kufunguliwa na mtu, seva huilaza ili kuokoa nguvu, na anayekuja kwanza alfajiri hungoja hadi iamke, wengine hufikiri imekufa na kuondoka. Kampuni hutuma barua za kusema watahamisha mashine, watabadilisha matoleo, kila mteja ahakikishe kazi yake. Nimejifunza kuzisoma barua hizo nikiwa nimekaa. Lakini simu imepungua kulia. Dada yangu anajua aanzie boma gani na amalizie wapi, na siku nyingine hufika nyumbani kukiwa bado kuna mwanga.

Juzi bega lilimkataa kabisa, hakuweza kushika pikipiki. Nikaazima gari la mwenzangu wa kazini nikampeleka mwenyewe, yeye akiwa na mtungi wake miguuni. Sikuwa nimewahi kumwona kazini. Kwenye boma la kwanza mzee mwenye ng'ombe alikuwa ametoka, kukawa hakuna wa kusaidia, basi nikaambiwa nishike mkia niuvute kando. Ng'ombe alikuwa mkubwa, mwenye joto, na alinukia majani. Dada yangu alivaa glavu kwenye mkono wa kulia, ule ambao hautumii kwa kazi hii, akafumba macho na kuanza kutafuta polepole, midomo ikisogea kidogo. Ilimchukua muda. Alitoka jasho ijapokuwa kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Nilishika mkia tu.

Mzee alirudi tulipokuwa tunanawa kwenye ndoo. Alinisalimia, akanitazama, akamwuliza dada yangu, "Huyu ndiye ile ya kompyuta?"

"Ndiye huyu. Ndugu yangu."

"Ah, mwalimu!" Alipangusa mkono kwenye koti akanipa tena. "Hiyo kitu yenu ni nzuri. Jana imenisaidia. Leo asubuhi nimetaka kuandika hii ingine ndogo, ikakataa. Imekuwa nyeupe tu."

Dada yangu alinigeukia, sabuni ikiwa bado kwenye viwiko vyake. Nilikausha mikono yangu kwenye suruali.

"Leta simu, mzee," nikasema. "Wacha niangalie."